Maneno Matatu katika Mwongozo wa Mita: Istilahi za Kujaribu Kiungo cha Infraredi

Mwaka uliopita tuliletewa mwongozo wa mafundi wa mita za umeme, uliokuwa umefasiriwa na ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja hapa, ili tuukague kabla haujapigwa chapa. Ufasiri ule ulikuwa mzuri kwa jumla. Sentensi zilisomeka bila kukwama, na mfasiri hakukopa neno pale ambapo Kiswahili kina neno lake. Hata hivyo, tulipompa fundi mmoja mzoefu aufuate hatua kwa hatua mbele ya mita halisi, hatua ya kwanza ilimtia shaka, ya pili ikampotezea muda, na alipofika ya tatu akatoa hukumu kwamba mita ni mbovu. Tukamletea mita nyingine, nayo akaihukumu vivyo hivyo. Mita zote mbili zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa katika maneno matatu ya mwongozo.

Jambo hili si dogo. Mita iliyohukumiwa kuwa mbovu hung'olewa, mwenye nyumba hukaa gizani kwa muda, na pengine hudaiwa gharama ya kitu ambacho hakikuharibika. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tueleze kazi yenyewe ya kujaribu kiungo cha infraredi. Hatukusudii kuwageuza wasomaji wetu kuwa mafundi. Ila maneno hayo matatu hayawezi kuchaguliwa vema na mtu aliyeketi na kamusi peke yake.

Ndani ya mita ya kielektroniki mna kompyuta ndogo. Haina kibodi ya kuandikia barua wala kioo kikubwa. Kazi yake ni kuhesabu umeme na kuitunza hesabu hiyo, na mwenye nyumba aghalabu hana habari kwamba ipo. Kompyuta za namna hii zimo pia katika mashine za kufulia, pampu za mafuta na magari. Kuziita "mifumo iliyofichwa", kama wengine walivyopendekeza, kunaleta dhana ya hila, na katika habari za mita dhana hiyo ni ya kuepukwa kabisa. Sisi tunapendelea "mfumo uliopachikwa", kwa kuwa kupachika ni kutia kitu ndani ya kingine kikawa sehemu yake, kama jembe linavyopachikwa kwenye mpini. Katika majedwali, ambamo nafasi ni finyu, "mfumo pachikwa" litatosha.

Fundi akitaka kuzungumza na kompyuta hiyo, hafungui mita. Kwenye uso wa mita nyingi za kielektroniki pana kidirisha cha mviringo. Fundi hubandika hapo kichwa cha kusomea, ambacho hushikiliwa na sumaku, na ndani ya kila upande mna vitu viwili: diodi inayotoa mwale na fototransista inayoupokea. Mita humulika, kichwa hupokea; kichwa humulika, mita hupokea. Hakuna waya unaopita kati yao, wala chuma kinachogusana na chuma kikashika kutu, wala lakiri inayokatwa. Na umeme wa njia kuu, ambao unaweza kumwua mtu, hauwezi kumfikia fundi kwa kupitia mwanga. Msomaji wa Tanzania aliyezoea LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, huingiza tarakimu zake 20 kwa kidole. Kidirisha tunachokisema hapa, iwapo mita yake inacho, si cha mteja bali ni cha fundi.

Mwongozo tulioletewa ulikiita kidirisha hicho "bandari ya macho". Tulicheka kidogo tukaendelea. Mmoja wetu alipendekeza "kijicho cha mita", lakini kijicho ni husuda, na mita za umeme zina lawama za kutosha bila kuongezewa hiyo. Tumebaki na "kidirisha cha mwale".

Mwale wenyewe hauonekani. Mwaka 1800 William Herschel, mwanaastronomia aliyezaliwa Hanover na kufanya kazi Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukatawanyika kuwa rangi, kisha akaweka vipimajoto katika rangi mbalimbali. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona rangi yoyote, kilipanda kuliko vyote. Ndiyo miale tunayoiita infraredi. Jicho la mtu huishia karibu na wimbi lenye urefu wa nanomita 700. Mwale wa mita, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 62056-21 kilichotolewa mwaka 2002, huwa kati ya nanomita 800 na 1000.

Wapo waliotaka tuseme "miale ya chini ya nyekundu", nasi hatukatai kwamba hiyo ndiyo maana ya neno la asili, ambalo nusu yake ya kwanza ni ya Kilatini. Lakini chini kwa kipimo gani? Kwa idadi ya mitetemo katika sekunde ni chini. Kwa urefu wa wimbi ni juu. Zaidi ya hayo, kwenye uso wa mita nyingi pana taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Fundi akiambiwa autafute mwale wa chini ya nyekundu, atatazama chini ya taa ile, naye hatakuwa na kosa. Kwa hiyo tunasema "infraredi", neno lililokwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi.

Itupasa pia kusema neno juu ya namna habari zinavyopita. Mwale ni mmoja, na habari ni nyingi. Basi hupita biti moja baada ya nyingine. Hapo zamani tungalisema "sanjari", neno zuri la vyombo vinavyofuatana baharini, kimoja nyuma ya kingine. Kwa bahati mbaya siku hizi watu wengi husema "sanjari na" wakiwa na maana ya "pamoja na", ambayo kwa jambo letu ni kinyume kabisa. Istilahi yenye maana mbili zinazopingana haifai kuwekwa mbele ya fundi. Tunasema "mfuatano" kwa biti zinazopita moja moja, na "sambamba" kwa zile zinazopita pamoja katika waya nyingi. Kiungo chetu, basi, ni kiungo cha mfuatano.

Na kujaribu je? Mwongozo ulitumia "kupima" kila mahali. Katika Kiswahili cha kawaida kupima hutosha kwa mambo mengi: daktari hupima damu, fundi cherehani hupima kiuno, mwalimu hupima uelewa. Lakini mita yenyewe ni chombo cha kupimia. Ukimwambia fundi "pima mita", atadhani unataka ahakikishe kama inahesabu umeme sawasawa, kazi ambayo ina vyombo vyake na sheria zake. Tunashauri "kupima" kubaki pale ambapo jibu ni idadi, kwa mfano volti, milisekunde au nanomita. Na "kujaribu" kutumika pale ambapo jibu ni kufaulu au kushindwa. Kiungo hujaribiwa, katika kukijaribu, mambo kadha wa kadha hupimwa.

Sasa tuyaendee yale maneno matatu.

La kwanza lilikuwa "alama". Mafundi wa simu za maandishi wa karne ya 19 walikuwa na karatasi ndefu iliyopita chini ya kalamu: umeme ukipita, kalamu huacha alama, usipopita, hubaki nafasi tupu. Majina hayo mawili yamerithiwa hadi leo katika vitabu vya mawasiliano ya mfuatano, ingawa karatasi imekwisha kusahaulika. Alama ni 1, nayo ndiyo hali ya kupumzika. Nafasi ni 0. Mfasiri wetu aliyafasiri sawasawa, neno kwa neno. Kisha, ili kumsaidia msomaji, akaongeza maelezo yake mwenyewe: "alama, yaani mwanga unapowaka." Nani angemlaumu? Alama ni kitu, nafasi ni ukosefu wa kitu. Mwanga ni kitu, giza ni ukosefu wake. Lakini katika kidirisha cha mita mambo ni kinyume. Diodi ikizimika ni 1, ikiwaka ni 0. Sababu yake ni rahisi mtu akishaelezwa: kiungo hukaa kimya kwa muda mrefu kuliko kinavyosema, na diodi inayowaka mchana kutwa bila kuwa na la kusema itakula umeme na kuzeeka bure.

Jaribio la kwanza la kiungo ni kutazama kama diodi inawaka inapopaswa. Jicho halioni, lakini kamera nyingi za simu huona. Mwale huonekana kwenye kioo cha simu kama doa jeupe lenye uzambarau. Baadhi ya kamera zina kichujio kinachouzuia mwale huo, na mara nyingi kamera ya mbele huuona vizuri zaidi kuliko ya nyuma. Yafaa kwanza kuijaribu kamera yenyewe kwa kitufe cha rimoti ya televisheni. Fundi wetu alifanya hayo yote kwa uangalifu. Mwongozo ulimwambia kwamba mita ikiwa imepumzika iko katika hali ya alama, na alama ni mwanga. Akatazama, giza. Ndiyo ile shaka ya kwanza.

Tunapendekeza kwamba katika viungo vya mwanga maneno "alama" na "nafasi" yaachwe kabisa, na mahali pake pawe na "hali ya kuzimika" kwa 1 na "hali ya kuwaka" kwa 0. Najua wenzetu wa simu watasema tunavunja mapokeo. Mapokeo hayo ni ya kalamu na karatasi, na fundi wa mita hana kalamu wala karatasi. Ana doa la mwanga kwenye kioo cha simu, nalo huwaka au huzimika.

Neno la pili lilikuwa "usawa". Ili kulieleza hatuna budi kuingia ndani kidogo ya herufi.

Katika itifaki ya mita, mazungumzo huanza kwa kasi ya baudi 300, yaani biti 300 kwa sekunde. Neno baudi latokana na jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyebuni mfumo wa simu za maandishi katika karne ya 19. Kila herufi huchukua biti 10: biti moja ya kuanzia, ambayo ni 0 na hivyo ni kuwaka; biti 7 za herufi yenyewe, ndogo ikitangulia; biti moja ya ulinzi; na biti moja ya kukomea, ambayo ni 1. Hesabu rahisi yaonyesha kwamba herufi moja hupita kwa milisekunde 33 na ushei.

Biti ya ulinzi hufanya kazi hii. Mtumaji huhesabu ni biti ngapi kati ya zile 7 zilizo 1. Zikiwa 2, 4 au 6, huweka 0. Zikiwa 1, 3, 5 au 7, huweka 1, ili jumla ya moja zote pamoja na hiyo ya ulinzi iwe daima namba igawanyikayo kwa mbili. Mpokeaji huhesabu upya. Akikuta jumla haigawanyiki kwa mbili, hujua kwamba njiani biti imegeuka. Herufi A ina moja mbili, hivyo ulinzi wake ni 0. Herufi C ina moja tatu, hivyo ulinzi wake ni 1.

Mfasiri aliita jambo hili "usawa", na katika hatua ya pili akaandika: "Hakikisha usawa kabla ya kutuma." Fundi wetu akatazama kichwa cha kusomea, akaona kimeinama kidogo upande wa kushoto. Akakizungusha, akakinyanyua, akarudi nyuma kukitazama, akakirekebisha tena, mpaka kikakaa sawasawa kama picha ukutani. Kisha akaendelea. Kwenye kompyuta yake hakubadili chochote, nayo ilikuwa imewekwa kutuma biti 8 bila ulinzi.

Cha kusikitisha ni kwamba neno lenyewe lipo, na watoto wa shule za msingi wanalijua. Namba igawanyikayo kwa mbili ni shufwa. Isiyogawanyika ni witiri. Hatuoni sababu ya fundi mtu mzima kunyimwa neno ambalo alifundishwa darasani. Biti hiyo ni "biti ya shufwa" pale jumla inapotakiwa kuwa shufwa, kama ilivyo katika mita. Na ni "biti ya witiri" katika mifumo inayotaka kinyume chake. Kwa jina la jumla, lisilochagua upande, "biti ya ulinzi" linafaa, na kitendo chenyewe ni "ukaguzi wa shufwa". Mwongozo ungesema "weka biti 7, ulinzi wa shufwa, biti 1 ya kukomea", fundi asingegusa kichwa cha kusomea.

Hapa inafaa tuonye juu ya jaribio moja linalopendwa sana. Ili kuona umbo la ishara kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya umeme kwenye kioo, mafundi hutuma herufi U mfululizo. Herufi hiyo ikitanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na ya kukomea, huwa 0101010101: kuwaka na kuzimika kwa zamu, bila kuruka. Kwa baudi 300 fundi huona wimbi la mraba lenye mizunguko 150 kwa sekunde, na kama kingo zake zimelegea au nusu moja ni pana kuliko nyingine, huona mara moja. Ni jaribio zuri kwa umbo na kwa kasi. Lakini U ina moja nne, hivyo biti yake ya shufwa ni 0. Na mtu anayetuma biti 8 bila ulinzi, biti yake ya nane ni 0 vilevile. Mawimbi hayo mawili hayana tofauti hata chembe. Urefu nao ni uleule, biti 10. Fundi aliyejaribu kwa U peke yake ataapa kwamba kiungo chake ni sahihi. Atume C, na palepale biti moja itaonekana imewaka mahali ilipopaswa kuzimika. Tunatamani kila mwongozo ungezitaja herufi hizi mbili pamoja.

Neno la tatu ndilo lililoiangusha mita.

Fundi huanza mazungumzo kwa salamu ya herufi tano: mkwaju, alama ya kuuliza, alama ya mshangao, na herufi mbili zisizoonekana za kurudi mwanzo wa mstari na kushuka mstari. Mita ikizielewa, hujibu kwa kujitambulisha: hutaja alama ya mtengenezaji wake, kasi ambayo inaweza kuifikia, na aina yake. Fundi wetu alituma salamu, na mara moja kwenye kioo chake pakatokea mkwaju, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Mwongozo ulisema: "Jibu la kwanza likirudi, lilinganishe na jedwali la 4." Akalinganisha. Hakuna mtengenezaji yeyote duniani anayeitwa hivyo. Akatuma tena, ikawa vilevile. Mita, alisema, imekuwa kasuku.

Kilichotokea ni hiki. Mwale wa kichwa cha kusomea, ukipiga kioo cha kidirisha, sehemu yake huakisiwa na kuingia katika fototransista ya kichwa hichohicho. Fundi alikuwa akijisikia mwenyewe. Mita nayo ilikuwa imekaa kimya, na ilikuwa na haki: mkwaju una moja tano, kwa hiyo biti yake ya shufwa ilipaswa kuwa 1, lakini kompyuta iliyowekwa biti 8 bila ulinzi ilituma 0. Mita ilihesabu, ikapata witiri, ikaikataa salamu tangu herufi ya kwanza. Kosa la "usawa" liliifumba mita kinywa, na kosa la "jibu" likamfanya fundi asigundue kwamba imefumba kinywa. Kosa moja peke yake huenda angelivuka.

Kiswahili kina neno kamili kwa jambo hili: mwangwi. Mtu akiita bondeni, sauti yake humrudia, naye hadhani kwamba mlima umemjibu. Mfasiri aliliogopa neno hili kwa kuwa ni la sauti, na hapa hapana sauti. Hofu hiyo haina msingi. Ufundi huu wote umekwisha kuazima maneno ya sikio: tunasema kiungo kimenyamaza, tunasema pana kelele, tunasema mita imejibu. Mwangwi utakaa vizuri miongoni mwa ndugu zake. "Marudio", ambalo wengine hulitumia, halifai, kwa sababu limekwisha kushikwa na wanafizikia kwa idadi ya mitetemo katika sekunde.

Mwangwi na jibu hutofautiana kwa saa, na hili ni jambo la kuandikwa katika mwongozo kwa herufi nzito. Salamu ya herufi tano kwa baudi 300 huchukua takriban milisekunde 167. Mwangwi hufika papo hapo, fundi angali anatuma. Jibu halifiki hivyo: kwa kawaida mita hungoja angalau milisekunde 200 baada ya salamu kwisha, na haipitishi milisekunde 1500. Basi kinachofika kabla ya kimya ni mwangwi, kinachofika baada ya kimya ni jibu; na kimya kikizidi sekunde moja na nusu, hakuna jibu. Muda huo wa mwisho tumeuita "kikomo cha kungoja". "Muda wa kuisha", uliokuwamo katika mwongozo, hausemi ni nini kinachoisha.

Tena, mwangwi si adui wakati wote. Kabla ya kuibandika mita, fundi mwangalifu hukielekeza kichwa cha kusomea kwenye karatasi nyeupe, kwa umbali wa sentimita moja au mbili, akatuma herufi. Zikirudi zote, anajua kwamba diodi, fototransista, waya na kompyuta yake ni vizima, na lolote litakalotokea baadaye liko upande wa pili au katika mipangilio. Akikielekeza gizani, mahali pasipo na cha kuakisi, herufi hazipaswi kurudi. Zikirudi, kuna njia ya mkato ndani ya kichwa chenyewe, mwanga au umeme. Hilo ni "jaribio la mwangwi", nalo huchukua nusu dakika.

Mtu anaweza pia kuligundua kosa la shufwa kwa upande wa kupokea. Mita ikijibu kwa ulinzi wa shufwa na kompyuta ikasoma biti 8 bila ulinzi, herufi zenye moja za shufwa huonekana kama zilivyo, na zile zenye moja za witiri huongezewa 128. Mkwaju, ambao namba yake ni 47, huonekana kama 175; alama ya kuuliza, 63, hubaki 63. Fundi huona maandishi ambayo nusu yake ni maneno na nusu ni takataka. Wengi hudhani ni kelele, wakaanza kuziba madirisha ya chumba. Kelele haichagui herufi. Ikiwa herufi zilezile huharibika kila mara na nyingine hazidhuriki kamwe, tatizo ni mipangilio.

Kelele ya kweli ipo. Jua ni chemchemi kubwa ya infraredi, na balbu za waya wa kuwaka hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga uonekanao. Ndiyo maana kichwa cha kusomea huvikwa pete nyeusi, na ndiyo maana jaribio lililofaulu mezani lapaswa kurudiwa barazani saa sita mchana. Hapa ndipo panapohitajika kuhesabu makosa. Fundi akituma herufi 100 zikafika zote, amejua machache. Akitaka kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kosa ni chini ya biti moja katika milioni, itambidi apitishe biti milioni 3 bila kosa hata moja. Kwa baudi 300 hiyo ni kazi ya saa 2 na dakika 46. Kwa baudi 9600 ni dakika 5 na ushei. Kwa idadi hiyo tunapendekeza "kadiri ya makosa", na tunaomba "asilimia ya makosa" isitumike, maana asilimia kwa idadi ndogo namna hii humchanganya msomaji.

Mfasiri asichukue istilahi hizi na kuzipeleka bila kufikiri kwenye kila kifaa chenye infraredi. Rimoti ya televisheni hukatakata mwale wake, mara nyingi kiasi cha mara 38,000 kwa sekunde, ili mpokeaji autofautishe na mwanga wa chumbani. Viungo vya IrDA, jumuiya iliyoundwa mwaka 1993 na ambavyo viliwahi kuwa vya kawaida katika simu na kompyuta za mkononi, katika kasi za hadi biti 115,200 kwa sekunde huwasha diodi kwa 3/16 tu ya muda wa biti. Katika mita, kuwaka ni kwa biti nzima. Hali ya kuwaka na hali ya kuzimika zinabaki kuwa maneno sahihi kwa vyote vitatu, ila maelezo ya muda lazima yabadilike.

Mwongozo ulisahihishwa, na fundi yuleyule akaurudia. Mita zote mbili zilijitambulisha katika salamu ya kwanza.

Neno moja limetushinda kukubaliana. "Kiungo", tulilolitumia katika makala haya tangu kichwa chake, huwafanya wengine wafikirie goti au pilipili manga. "Kiunganishi" kimekwisha kuwa mali ya walimu wa sarufi. Na "mawasiliano" ni tendo, wala si njia. Wasomaji wenye neno jingine, hasa waliowahi kulisikia likitumiwa na mafundi kazini, tunawaomba watuandikie pamoja na sentensi walimolisikia.